Aliyechelewa Nusu Sekunde: Zamu za Kuongea Kwenye Darasa la Kiingereza la Wasichana

Kipindi cha Kiingereza, Kidato cha Kwanza, shule ya bweni ya wasichana, wanafunzi 45. Mwalimu amemaliza kusoma hadithi fupi kwa mara ya pili, sasa anauliza maswali. Mazungumzo haya ni ya kutunga, ila mwalimu yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya darasa na daftari mkononi atayatambua.

Mwalimu: Why did Asha leave her home? (nusu sekunde) Why? Because she was…?
Darasa: Hungryyy!
Mwalimu: She was hungry. Good. And where did she go? (sekunde moja) Yes, Neema.
Neema (anasimama): She go to the town, madam.
Mwalimu: She *went* to the town. Good, sit down. Are we together?
Darasa: Yeees, madam!

Zimepita kama sekunde 20 na zamu sita. Tatu za mwalimu, mbili za darasa zima kwa mpigo, moja ya Neema. Wasichana 44 waliobaki hawajasema neno ambalo mtu anaweza kusema ni la fulani. Na hata ile zamu ya Neema si yake sawasawa: kapewa, kasimama, kasema maneno matano na "madam" juu, kairudisha kwa mwenyewe. Haikwenda kwa Rehema wala kwa Zawadi. Swali la mwalimu, jibu la mwanafunzi, tathmini ya mwalimu: pingili hizi tatu zilielezwa na John Sinclair na Malcolm Coulthard wa Birmingham mwaka 1975, kutokana na madarasa ya Uingereza, na zinaonekana kwenye shule za wasichana za Msalato na Weruweru hapa Tanzania, au Alliance Girls ya Kenya, kama zilivyoonekana huko. Hazina ubaya wowote kwa kukagua kama wanafunzi wamesoma. Ubaya wake ni kwamba somo hili ni la lugha, na kuongea ndiyo sehemu ya somo lenyewe.

Tufanye hesabu. Ned Flanders, mtafiti wa Kimarekani aliyekuwa akihesabu maongezi ya madarasani miaka ya 1960, aliacha kanuni ya theluthi mbili: kwa theluthi mbili ya kipindi kuna mtu anaongea, na theluthi mbili ya maongezi hayo ni ya mwalimu. Chukua kipindi cha dakika 40. Maongezi ni kama dakika 27, mwalimu anachukua 18, wanafunzi wanabaki na 9. Zigawe kwa vichwa 45. Kila mmoja anapata sekunde 12, tena kama mgawo ungekuwa wa haki, jambo ambalo halipo. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, na kuanzia Kidato cha Kwanza anatakiwa ajibu mitihani ya biolojia kwa Kiingereza, anajifunza kukiongea kwa sekunde 12 kila kipindi.

Ukiuliza kwa nini hawaongei, jibu linakuja haraka: aibu. Wasichana wana aibu. Na kwa shule za jinsia moja jibu hilo lina mkia wake: ondoa wavulana, aibu itaondoka. Mimi naona jibu la aibu linatumika kupita kiasi, kwa sababu linamtupia mtoto kosa ambalo kwa sehemu kubwa liko kwenye saa.

Mwaka 1974 Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walieleza jinsi watu wanavyopokezana zamu katika mazungumzo ya kawaida. Kila kauli ina mahali inapoonekana imekamilika. Ikifika hapo, kwanza msemaji anaweza kumteua anayefuata, kwa jina au kwa swali. Asipoteua, yeyote anaweza kujitwalia, na wa kwanza kuanza ndiye mwenye zamu. Asipotokea mtu, msemaji anaweza kuendelea. Miaka minne baadaye Alexander McHoul alionyesha kwamba darasani sheria hizo zimepunguzwa: mwalimu ndiye mteuzi, na mwanafunzi akimaliza zamu inarudi kwa mwalimu. Maana yake, ile sheria ya katikati, ya kujitwalia, mwanafunzi wetu haifanyii mazoezi hata siku moja. Anatoka Kidato cha Nne na sarufi yake, anaingia kwenye kikao kinachoendeshwa kwa Kiingereza, na anangoja aitwe. Huko hakuna wa kumwita.

Sasa tazama kasi yenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2009, ukilinganisha lugha 10 za mabara mbalimbali, Kiingereza kikiwemo pamoja na lugha moja ya Namibia, ulikuta pengo kati ya swali na jibu ni wastani wa sekunde 0.2 hivi. Kiswahili hakikuwemo kwenye zile 10. Wakati huohuo majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba kutaja tu jina la kitu kilichochorwa, kwa lugha uliyozaliwa nayo, huchukua kama sekunde 0.6 tangu uone picha mpaka uanze kutamka. Kwa hiyo anayejibu kwa wakati huwa ameanza kuunda jibu mwenzake akiwa bado anasema. Kwa lugha ya pili kazi inaongezeka. Rehema wa dawati la nne anasikia "Where did she go", analipeleka kwenye Kiswahili, analipata jibu, analirudisha kwenye Kiingereza, anajiuliza ni "go" au "goes" au "went". Akiwa kwenye "went" yake, ambayo ndiyo sahihi, Neema kashasimama na "go" yake. Rehema anashusha mkono aliokuwa hajaunyanyua. Siku ya ripoti anaandikiwa "mpole, ajitahidi kushiriki."

Neema amewahi kwa sababu gani? Mara nyingi kwa sababu alisoma English medium, na hana safari ya kwenda Kiswahili na kurudi. Hapo ndipo penye mpaka halisi wa darasa la wasichana: kati ya waliotoka English medium na waliotoka shule za serikali, kisha kati ya wa mbele na wa nyuma. Kuwatoa wavulana hakukugusa mpaka huo hata kidogo.

Kuna kitu kinachoondoka, sikatai. Mwaka 1975 Don Zimmerman na Candace West, huko California, walihesabu kukatizana kauli kwenye mazungumzo ya wawili wawili: kwenye mazungumzo 11 ya mwanamke na mwanaume walikuta kukatiza mara 48, na mara 46 aliyekatiza alikuwa mwanaume, kwenye mazungumzo 20 ya jinsia moja kulikuwa na kukatiza mara 7 tu. Namba hizo zimenukuliwa sana, na ni rahisi kuzitumia kutetea madarasa ya wasichana peke yao. Kinachonukuliwa kidogo ni kwamba Deborah James na Sandra Clarke walipopitia tafiti za namna hii na kutoa tathmini yao mwaka 1993, walikuta nyingi hazionyeshi tofauti kubwa kati ya wanawake na wanaume katika kukatiza. Ukijenga hoja ya shule nzima juu ya zile 46 kwa 48 utakuwa umejenga mchangani.

Halafu, darasa la wasichana lina polisi wake. Anayejibu mara tatu mfululizo anaambiwa anajishaua. Anayetamka kwa lafudhi ya redioni anagunwa, anayekosea anachekwa na dawati la jirani kwa sauti ya chini ambayo mwalimu haisikii. Matokeo yake ni minong'ono: swali likiulizwa, jibu linapikwa kwanza kwa Kiswahili na watu watatu, kisha anasukumwa mmoja akaliseme. Walimu wengi wanapiga vita minong'ono hiyo. Mimi ningeiacha, tena ningeitumia. Carole Edelsky, aliyechunguza mikutano ya kamati chuoni mwaka 1981, alikuta pale watu wanapojenga hoja kwa pamoja, sauti zikipandana, wanawake walishiriki sawa zaidi na wanaume kuliko pale mtu mmoja mmoja anaposhika uwanja. Minong'ono ni uwanja wa pamoja uliokimbilia chini ya dawati.

(Na tukisema "jinsia moja" tuangalie nani amesimama mbele. Oman, kuanzia darasa la tano wasichana na wavulana wanasoma shule tofauti, na kwa kawaida mwalimu ni wa jinsia ya wanafunzi. Huku kwetu darasa la wasichana mara nyingi linafundishwa na mwanaume, na zamu tatu kati ya sita ni za mwalimu.)

Kabla ya kubadilisha chochote, pima. Chora ramani ya madawati kwenye karatasi moja, kila mwanafunzi kisanduku. Muombe mwalimu mwenzako akae nyuma kwa dakika 10 tu, si kipindi kizima, maana baada ya dakika 10 mkono unachoka na alama zinaanza kuwa za kubahatisha. Kila mtu anapoongea peke yake anaweka alama kwenye kisanduku chake: T kama ameteuliwa, J kama amejitwalia. Majibu ya darasa zima yanahesabiwa pembeni kwa P. Zamu ikitoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mwanafunzi bila kupitia kwa mwalimu, anachora mshale. Kama hakuna mwenzako wa kukusaidia, weka simu yako juu ya dawati la katikati irekodi, uje uhesabu jioni. Utapoteza nani amekaa wapi lakini utapata T, J na P. Usiwaambie wanafunzi unahesabu nini, vinginevyo utapima maigizo.

Ramani za kwanza huwa zinafanana. Alama zimerundikana safu ya mbele na mstari wa katikati unaoelekea ubao, kona za nyuma nyeupe. Raymond Adams na Bruce Biddle walilieleza eneo hilo mwaka 1970 na halijahama. P ni nyingi kuliko T. J ziko chache na ni za watu walewale wanne watano. Mishale hakuna.

Hatua ya kwanza haina gharama: ngoja. Mary Budd Rowe, aliyerekodi masomo ya sayansi Marekani miaka ya 1970, alikuta walimu wanangoja kama sekunde moja baada ya swali kabla ya kulijibu wenyewe, kulirudia au kuita mwingine. Walipofikisha sekunde 3, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na waliokuwa hawajitolei wakaanza kujitolea. Kwa Kiingereza Kidato cha Kwanza, ngoja 3 kwa swali la jibu fupi na si chini ya 5 kwa swali la "why". Hesabu kimoyomoyo "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu"; kila moja ni sekunde moja hivi. Wakati unahesabu usitembee, usirudie swali, usilibadilishe maneno. Kosa la kawaida ndilo hilo: mwalimu anauliza, anaona kimya, anauliza upya kwa maneno mengine, na mtoto aliyekuwa ameshafika nusu ya safari anaanza upya. Zingatia pia mpangilio: swali, kimya, ndipo jina. Ukisema "Neema, why did Asha leave?" watu 44 wameshapumzika kabla hujamaliza. Na kuna kimya cha pili, baada ya jibu. Neema akisema "She go to the town", ngoja tena sekunde 3 kabla ya kutoa hukumu. Mara nyingi ataongeza mwenyewe, "because she want food", au mwingine atadakia. Hiyo ni J yako ya kwanza.

"Are we together?" liache kabisa kwa wiki moja uone. Hakuna mtoto aliyewahi kujibu "No, madam." Kuitikia kwa pamoja kuna kazi yake, na ni kazi nzuri: matamshi, mkazo wa neno, shairi, na kumpa mwoga mahali pa kujificha sauti yake ikipata moto. Ila hakupimi uelewa, na ile mbinu ya kupandisha sauti mwisho wa sentensi ili darasa limalizie neno inafundisha watoto kungoja neno la mwisho tu.

Hatua ya pili ni wawili wawili, na hapa hesabu inageuka. Dakika moja ya kufikiri na kuandika maneno matatu tu kwenye daftari, dakika sita za kuongea na wa jirani, kisha unaita. Katika zile sita kila mtoto anapata kama tatu. Hizo ni sekunde 180 dhidi ya 12. Wapangie upande: wa dirishani aanze, wa mlangoni aulize, kisha piga makofi mara moja wabadilishane. Bila kupanga nani aanze utapoteza dakika nzima wakiambiana "anza wewe." Dawati la watu watatu, wa katikati ni muulizaji, hajibu. Kwa idadi isiyo shufwa usimpe aliyebaki awe "msaidizi wa mwalimu". Muweke kwenye kundi la watatu aongee.

Vitaharibika vitu viwili. Kelele: sauti 22 kwa pamoja zinapita ukutani, na mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili atachungulia. Mwambie kabla. Na Kiswahili kitaingia. Usiwarudishe kwenye mambo ya disk wala kibao shingoni, ile adhabu ya kumvalisha aliyeongea Kiswahili. Mtoto anayeogopa kibao ananyamaza, na kimya hakina sarufi ya kusahihisha. Afadhali kazi yenyewe ihitaji Kiingereza: kila mmoja ana nusu ya taarifa kwenye karatasi kwa Kiingereza, na hawezi kujaza nusu nyingine bila kuuliza.

Hatua ya tatu ni maharage. Makundi ya wanne, wasizidi. Wakiwa sita, ndani ya dakika mbili mazungumzo yanapasuka kuwa mawili, au wanaongea watatu na watatu wanatazama. Kila mmoja anapewa punje tatu. Ukiongea unaweka moja katikati. Zikikuisha unasikiliza mpaka za wenzako ziishe. Muda ni dakika 10. Jaribio la kwanza litaharibika kwa namna ambayo naweza kuitabiri: wajanja watamaliza punje zao kwa "I agree", "I agree", "I also agree", na mwenye Kiingereza kizuri atamaliza zake tatu kwa hotuba moja iliyokatwa vipande. Kwa hiyo ongeza masharti mawili. Punje haipokelewi bila sababu au swali ndani yake: "I agree because…" au "Why do you say…?" Na huwezi kuweka punje mbili mfululizo. Sharti la pili ndilo linalozaa mishale, kwa sababu mwenye maneno mengi analazimika kumvuta mwingine ili zamu imrudie. Baada ya wiki tatu au nne yaondoe maharage. Yakikaa zaidi ya hapo watoto wanacheza mchezo wa kumaliza punje, hawazungumzi.

Anayetawala kundi usimwambie "waache wenzako." Ukimwambia hivyo mbele ya wasichana wenzake umewapa ruhusa ya kumwita mshaua. Mpe kazi: kwa dakika tano yeye ni muulizaji, kila sentensi yake iishie kwa alama ya kuuliza. Ni kazi ngumu kuliko kujibu, na inamfaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo vipindi vyetu vingi vinaliruka. Zamu ina maneno yake, na maneno hayo yanafundishwa kama msamiati mwingine wowote. Mtoto wa Kiswahili anayajua ya kwake vizuri sana. Anajua "shikamoo" inadai "marahaba", anajua mnyororo wa habari za nyumbani, za shule, za masomo, unakwenda zamu ngapi kabla ya kufika kwenye shida iliyomleta. Anajua kuitikia "ehee" na "naam" bila kumpokonya msemaji, na msimulizi akisema "paukwa" hahitaji kuambiwa cha kujibu. Kwenye Kiingereza alichofundishwa ni "We are fine, thank you, madam", kwa wimbo, akiwa amesimama.

Anza na maneno ya kuingia. Yawe mafupi, na yaje kabla sentensi haijawa tayari: "Well…", "Yes, but…", "Can I add something?" Kazi ya "Well…" si kusema kitu. Inashika mahali wakati safari ya kwenda Kiswahili na kurudi inaendelea. Kwa aliyechelewa nusu sekunde, hii ndiyo silaha. Wafanyie mazoezi ya silaha peke yake: unasoma sentensi yenye maoni, kama "Girls should not play football", na ndani ya sekunde moja mtu aseme "Well…" au "Yes, but…" kisha anyamaze. Watacheka. Wape duru 10 kwa dakika tatu. Hapo ndipo waongeze sentensi.

Kisha ya kushikilia: "Let me think", "What I mean is…", "Sorry, I haven't finished." Hili la mwisho liwe na sauti laini, mkazo kwenye "finished", likisemwa kwa mkazo kwenye "I" linasikika kama ugomvi. Kisha ya kukabidhi: "What about you, Zawadi?", "Do you agree?" Kisha ya kuitikia: "Really?", "I see", "Mm-hm." Ukubali "mm-hm". Walimu wengi wanaifuta kama uvivu, kumbe ni kazi kamili ya msikilizaji.

Mtego mmoja wa huku: "sorry". Kwa kuwa "pole" tunaitafsiri "sorry", mtoto anaisema mwenzake anapojikwaa, anapopiga chafya, anapoangusha kalamu. Kisha akiwa anataka kuingia kwenye mazungumzo anasema "sorry" kwa sauti ileile inayoshuka, na anayesikia anadhani anaomba radhi na anaendelea kuongea. "Sorry" ya kuingilia inapanda kidogo na inafuatwa palepale na kitu kingine: "Sorry, can I ask something?" Ikitoka peke yake haifungui mlango.

Fundisha manne kwa wiki, moja la kila aina. Ukibandika orodha ya 20 ukutani itakuwa pambo.

Usahihishaji nao ni zamu. Ulipomwambia Neema "She *went*", ulichukua zamu iliyokuwa njiani kwenda kwa Rehema. Roy Lyster na Leila Ranta, katika madarasa ya Kifaransa huko Kanada mwaka 1997, walikuta walimu hupenda zaidi kurudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa, na kwamba hiyo ndiyo njia ambayo watoto hawakuifanyia kazi kama nyingine. Andika makosa kwenye kidaftari, chagua matatu, yaweke ubaoni dakika tano za mwisho bila jina la mtu. Kosa linalovunja maana ndilo la kusimamisha mazungumzo, na hata hilo kwa swali: "She go today, or yesterday?" Umpe yeye arekebishe.

Kuhusu darasa la wavulana, kwa ufupi, maana tatizo lake liko upande wa pili. Pale J ni nyingi mno. Hawanyooshi mkono, wanarusha jibu, na utani ndio sarafu ya kununulia uwanja. Aliyesema "sip" akitaka "ship" anapata jina litakalomfuata mpaka mahafali. Kungoja sekunde 3 hakufanyi kazi bila sharti la mikono chini kwa zile sekunde zote, na punje za maharage ziwe mbili badala ya tatu. Maneno ya kukabidhi yanawafaa kuliko ya kuingia. Wala sisemi hivi ndivyo walivyoumbwa. Weka bweni la wavulana wapya wasiojuana na utaona kimya kile kile cha wasichana kwa wiki za mwanzo.

Mdahalo, kipenzi cha shule zetu, usiutegemee kwa hili. Spika, mtoa hoja, mpinzani, mtunza muda na kengele yake: zamu zote zimegawanywa kabla mtu hajafungua mdomo. Ni mazoezi mazuri ya kusimama na kusema dakika tatu. Kuingia kwenye mazungumzo ya watu wanne haufundishi.

Baada ya wiki sita rudia ramani, dakika 10 zilezile, ikiwezekana siku na saa ileile, kwa sababu kipindi cha baada ya chakula cha mchana si sawa na cha asubuhi. Usitafute T zilizosambaa sawa. Hizo unaweza kuzipata kwa kuita majina kwa orodha ya mahudhurio. Tafuta mishale. Mishale mitatu kwa dakika 10 ni mavuno. Ikiwa haipo hata mmoja na umefanya yote, angalia ulipokuwa umesimama. Mwalimu akiwa mbele ubaoni, kila anayeongea anamgeukia yeye, na kauli inaishia kwenye uso wake. Hamia nyuma ya anayeongea, karibu na dirisha, na uangalie chini kwenye kidaftari chako. Atakugeukia mara mbili tatu akikutafuta. Usinyanyue kichwa. Na suala la kusimama ili kujibu liondoe kwenye kazi za makundi: kusukuma benchi, kuinuka, kunyoosha sketi, ni sekunde mbili nzima, na kwa sekunde mbili Rehema alishapoteza zamu mara kumi.